Moyo ukiwa mzito, mizani nayo haisogei

Hapa Mombasa tukimuona mtu baada ya muda kitu cha kwanza kumwambia ni mwili wake. Akiwa amenenepa, "mashallah, umekula raha wewe." Akiwa amekonda, zamani alikuwa akiulizwa ana nini, siku hizi anapongezwa, "shoga umepunguza, hebu nipe siri." Harusini ndo kabisa, hujakaa kitako ushapimwa kwa macho kutoka juu mpaka chini. Na mara nyingi tunakosea pande zote mbili, manake hatujui huyo mtu usiku analala saa ngapi, mara ya mwisho ameketi kula na wenzake ni lini, na moyo wake uko vipi. Nimeona nilieleze hili swala kwa urefu kwa sababu kuna watu wengi sana, kina dada haswa lakini na vijana wa kiume pia, wanapigana na miili yao mwaka mzima, dayati wakaanza wakaacha, jimu wakalipa wakaacha, wakajiita wavivu na walafi, na hakuna hata mmoja aliyewauliza habari za moyo. Moyo ukishuka, kula kunabadilika, kulala kunabadilika, kutembea kunabadilika, hata maamuzi madogo madogo ya siku yanabadilika, na hivyo ndo vitu vyenyewe vinavyopandisha na kushusha uzani.

Jambo la kwanza linalowachanganya watu ni kwamba moyo kushuka haumfanyi kila mtu vile vile. Daktari akitaka kujua kama mtu ana dipresheni anaangalia dalili ambazo zimekaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku. Moyo mzito kutwa, au kukosa raha na vitu ulivyokuwa ukivipenda, hizo mbili ndo kubwa na lazima moja iwepo. Alafu kuna usingizi, uchovu, kujilaumu, akili kutotulia, kuwaza kifo, na kuna chakula na uzani. Na hapo kwenye chakula hawaangalii kukosa hamu peke yake, wanaangalia hamu kupungua AU kuzidi, uzani kushuka AU kupanda. Usingizi pia hivo hivo. Kwa hivo unaweza kuwapata majirani wawili pale Majengo, mmoja nguo zinampwaya na mwengine zimembana, na ugonjwa ni mmoja. Kuna aina ambayo mtu anakula zaidi, analala zaidi, na mikono na miguu inakuwa mizito mpaka kushuka kitandani ni kazi. Madaktari wanaijua miaka mingi, lakini nyumbani huyu ndo ataitwa mvivu, kwa sababu hafanani na ile picha tuliyonayo ya mtu mwenye huzuni, yule wa kulia na kukataa chakula.

Na si lazima ufike kwenye ugonjwa. Mtu amefiwa, ameachwa, msimu wa watalii umeisha na hoteli imepunguza wafanyakazi, mume yuko Saudia mwaka wa pili na simu zimeanza kuwa chache, moyo ukishuka hata kwa kiasi hicho tu kula kunaguswa.

Sasa kunaguswa vipi. Stresi ya ghafla inakata hamu, mfano umeponea chupuchupu kugongwa na matatu pale Buxton, hapo hata biriani ikiletwa huitaki, mwili umepeleka nguvu kwenye moyo na miguu, tumbo linasubiri. Lakini stresi ya muda mrefu, ya kodi ya nyumba na fii za shule na maneno ya ndani ya nyumba yasiyoisha, hio inafanya kazi tofauti. Tezi 2 zilizokaa juu ya figo zinaendelea kutoa homoni ya kotisoli, na kotisoli ikikaa juu siku nyingi inaongeza hamu ya kula, na wala si hamu ya mchicha, ni hamu ya sukari na mafuta, na yale mafuta ya ziada yanapenda kwenda kukaa tumboni. Ndo mana mtu akiwa ameumia hapiti pale kwa muuza matunda, anataka viazi karai na ukwaju, anataka kaimati, anataka chipsi na soda baridi.

Na hapa nataka tuseme ukweli ambao watu wa dayati hawapendi kuusema: hicho chakula kinasaidia kweli. Kwa dakika kadhaa. Sukari na mafuta yanagusa ile sehemu ya ubongo inayotupa raha, dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta raha, inapanda kidogo, na mtu aliyekuwa hasikii raha ya kitu chochote tangu asubuhi anapata kanafuu. Ubongo unajifunza, nikiumia nile, nikila nitatulia. Baadae inakuja aibu, "nimekula tena," kesho yake anajinyima kutwa kwa kujiadhibu, jioni njaa inamzidi nguvu, usiku yuko jikoni tena na moyo umeshuka zaidi ya jana. Huyu mtu hana shida ya kutojua kwamba viazi vina mafuta, kila mtu anajua hilo. Amekosa njia nyengine ya kutulia, na ukimpokonya hio moja aliyonayo bila kumpa badali hatafika mbali. Kula mihogo ya pilipili na ndimu pale ufukweni Mama Ngina jioni, mumeketi na wenzenu mnaangalia meli zikiingia, ni jambo moja, na kula mihogo ile ile peke yako chumbani taa imezimwa ni jambo jengine kabisa, hata kama kalori ni zile zile.

Upande wa pili ni yule ambae chakula kimekosa ladha. Anashinda na chai, mahamri anaumega mmoja anauacha, wali anauzungusha tu kwenye sahani, na kwa vile siku hizi kukonda ni sifa, kila anaekutana nae anamsifu. Mimi hili linaniumiza sana kwa sababu nimeona watu wakisifiwa ndani ya ugonjwa. Mtu uzani umeshuka bila yeye kukusudia, halali vizuri, hacheki, na mtaa mzima unamwambia amependeza, sasa atasema saa ngapi kwamba anaumwa? Kwa vijana ongeza na muguka, yale majani ya kutafunwa ya jamii ya miraa. Ile kemikali iliyo ndani ya muguka na miraa, kathinoni, inakata njaa na inafukuza usingizi, alafu stimu ikiisha moyo unadidimia, kwa hivo kijana anatafuna ili asisikie vibaya na kesho yake anasikia vibaya zaidi, hali, halali. Mwaka 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa tulibishana sana mambo ya biashara na korti, lakini hili la vijana kutokula na kutolala lilistahili kuzungumzwa zaidi.

Usingizi nao tusiupite haraka. Kuna utafiti ulifanywa Chuo Kikuu cha Chicago, ukatoka 2004, walichukua vijana 12 wa kiume wenye afya nzuri wakawapa nafasi ya kulala masaa 4 kwa usiku 2, na wakati mwengine wakawapa masaa 10. Walipolala kidogo, leptini, homoni inayoambia ubongo umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, ile ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28, na wakasema wenyewe wanatamani vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Usiku 2 tu! Sasa mfikirie mtu mwenye moyo mzito anaeamka saa tisa usiku kila siku, akili inazunguka mpaka adhana ya alfajiri, na kama ni Machi kuna joto juu yake, na stima ikipotea hata feni hakuna. Huyu akiamka asubuhi njaa yake imeshavurugika kabla hajaamua chochote, na wewe unamwambia ajikaze.

Kwenye mazoezi watu wanafikiria jimu peke yake, kumbe kitu kikubwa kinachopotea ni mwendo wa kawaida wa siku. Mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Kuna aliyeongeza mafuta yasiyofika nusu kilo na kuna aliyeongeza zaidi ya kilo 4, kwa chakula hicho hicho cha ziada, na tofauti kubwa ilitoka kwenye vile wanavojisogeza katika shughuli za kawaida, kusimama, kutembeatembea, kutotulia kwenye kiti, wala hawakuwa wakifanya mazoezi. Moyo ukishuka hivi ndo vinaondoka vya kwanza. Ua ulikuwa unafagia mwenyewe saa hii unamwachia mtoto. Stegi ulikuwa unaenda kwa miguu, sasa unaita tuktuk mpaka mlangoni. Sokoni Kongowea ulikuwa unaenda mwenyewe, sasa unaagiza. Shangazi yako Kibokoni ulikuwa ukimtembelea kila Ijumaa, sasa unampigia simu, baadae hata simu hupigi. Hakuna anaeona kwamba hivi vitu vimepotea, na mtu mwenyewe anasema kwa uchungu "mbona sili sana na nazidi kunenepa," na hasemi uwongo.

Kwa hivo ni moyo unaoharibu uzani au uzani unaoharibu moyo? Yote mawili. 2010 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti 15 zilizofuata watu kwa miaka, jumla watu zaidi ya 58,000, wakaona wenye unene wa kupita kiasi walikuwa na uwezekano wa asilimia 55 zaidi wa kuja kupata dipresheni, na wenye dipresheni walikuwa na uwezekano wa asilimia 58 zaidi wa kuja kupata unene huo. Karibu sawa kwa sawa. Sehemu ya sababu iko mwilini, sehemu iko kwa midomo yetu. Mtu akishaambiwa "mbona umefura hivo" mbele za watu mara kadhaa anaanza kuvaa dera pana kila siku, anaacha kwenda harusi, anaacha kupiga picha, anaacha kutoka, na kutotoka huko ndo kunamshusha zaidi.

Kwa wanawake waliojifungua hili linakuja kwa namna yake. Ndani ya arubaini mzazi anaangaliwa, analetewa supu, uji wa pilipili manga, anakandwa, nyumba imejaa watu. Arubaini ikiisha watu wanatawanyika kila mmoja na shughuli zake, mama amebaki na mtoto asiyelala, na maneno yanageuka, sasa anaambiwa ajifunge tumbo, apunguze, mume asije akaangalia nje. Ikiwa analia bila sababu, hamtamani mtoto, hali au anakula bila kusimama na imepita wiki 2, huyo apelekwe kliniki kabla ya kuambiwa neno lolote kuhusu tumbo lake.

Nakuja kwenye dayati kali, na hapa sitapunguza maneno. Kumpa mtu mwenye moyo mzito dayati ya njaa ni kumzidishia. Mwaka 1944 mpaka 1945 kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili, akawapunguzia chakula kwa karibu miezi 6 mpaka wakapoteza kama robo ya uzani wao. Wakawa na huzuni, hasira za karibu, hawataki watu, hamu ya mambo mengine yote ikaisha, kutwa wanawaza chakula, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi. Na walipofunguliwa wengi walikula kupita kiasi kwa muda mrefu. Walikuwa wakila takriban kalori 1,570 kwa siku, na zile dayati za tango na maji ya ndimu anazotumiwa bi harusi kwa simu wiki 3 kabla ya harusi ziko chini ya hapo. Vijana wale walianza wakiwa na furaha zao. Anaeanza akiwa ameshashuka atafikia wapi? Tena akili iliyoshuka inaona mambo kwa weusi na weupe tu, amekula kitumbua kimoja basi "nshaharibu," na siku nzima imekwenda.

Kwa hivo mimi nasema, kama moyo wako uko chini, mizani iweke kando kwa sasa. Simaanishi usahau afya, namaanisha ubadilishe mpangilio, uanze na usingizi na saa za kula na mwendo kidogo, uzani uje nyuma.

Mwendo una sifa moja nzuri: unatibu moyo hata kabla haujagusa uzani. Chuo Kikuu cha Duke walitoa utafiti 1999, watu 156 wenye dipresheni, wa miaka 50 kwenda juu, wengine wakapewa mazoezi mara 3 kwa wiki, wengine dawa ya dipresheni iitwayo sertralini, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa, ila dawa ilianza kufanya kazi mapema. Hio haimaanishi uache dawa uliyopewa, inamaanisha kutembea ni tiba pia. Shida ni kwamba mtu aliyeshuka anangoja hamu ije ndo atoke, na kwenye hali hii hamu haiji kwanza, inakuja baada ya kutenda, mara nyengine baada ya kutenda siku nyingi. Ndo mana wataalamu wanamwambia mtu apange kitu kidogo mno na saa yake, akifanye akiwa na hamu au hana. Dakika 10 baada ya sala ya alasiri, kutoka nyumbani mpaka kwa duka la mbali badala ya la karibu. Kesho tena. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, lakini ukianza kwa kuzifikiria hizo 150 hutatoka kitandani, anza na hizo 10. Kina mama mnaoona haya kuangaliwa, tafuteni mwenza na mtoke mapema, alfajiri Mama Ngina utawaona wenzenu na mabuibui yao na raba wakitembea, na hakuna anaewauliza kitu. Mwenza ana faida nyengine kubwa, siku ambayo wewe huwezi atakugongea mlango.

Ila usitarajie kutembea peke yake kukushushe uzani haraka, kunashusha kidogo na polepole, na watu wengi wanaacha kwa sababu walitarajia mizani kwa wiki 2 wakati ambapo usingizi ulikuwa umeshaanza kurudi na hawakuupigia hesabu.

Chakula pia, kabla ya kukipunguza kipange. Asubuhi kitu, mchana kitu, jioni kitu, kwa saa zinazofanana, hata kama hamu haipo, ili usifike usiku ukiwa na njaa ya kutwa. Australia mwaka 2017 walifanya utafiti mdogo, watu 67 wenye dipresheni, kundi moja wakasaidiwa kula mboga, matunda, samaki, kunde, kokwa na nafaka nzima kwa wiki 12, kundi jengine wakapewa mtu wa kukaa nao na kuzungumza nao tu. Asilimia 32 ya waliobadilisha chakula walitoka kwenye dipresheni, kwa wengine ilikuwa asilimia 8. Na hawakuambiwa wapunguze uzani. Ukiangalia hio orodha ni jiko la Pwani hilo, samaki wa kupaka, mbaazi, kunde, mchicha, maembe, korosho, vyote viko Marikiti, na wala huhitaji poda ya kununua kwa mtu wa TikTok.

Na usikubali kujitibu moyo bila kupimwa mwili, manake kuna vitu vinavofanana. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo unanenepa, unachoka na unashuka moyo kwa pamoja. Upungufu wa damu unachosha mpaka mtu anadhani ni huzuni. Sindano ya kupanga uzazi ya Depo inaweza kuongeza uzani kwa baadhi ya wanawake. Hata dawa za moyo kushuka zenyewe, kama amitriptilini na mitazapini, na olanzapini inayotumika kwenye maradhi mengine ya akili, zinaweza kunenepesha, na ziko nyengine ambazo hazinenepeshi sana, kwa hivo ukiona uzani unapanda usiache dawa kimya kimya, rudi kwa daktari umwambie mubadilishe.

Najua kuna watakaosema ni upungufu wa imani. Ibada inatuliza, na jamaa wa msikitini au kanisani wanaweza kuwa ndo watu pekee wanaomtoa mtu nyumbani, lakini tukiumwa malaria tunasali na tunameza dawa.

Pa kwenda ni karibu kuliko watu wanavofikiria. Anza zahanati ya mtaani kwako au Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, na Port Reitz kuna kitengo cha maradhi ya akili. Usiende useme "nataka kupunguza mwili" peke yake, manake utapewa karatasi ya vyakula urudi nyumbani. Mwambie daktari moyo umeshuka tangu lini, unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi, hamu ya kula imezidi au imepungua, nguo zimebadilika vipi tangu wakati huo, unatafuna au unakunywa nini, unatumia dawa gani na sindano gani. Kama unakula kisha unajitapisha, au unakunywa dawa za kuharisha ili upungue, liseme hilo pia hata kama unaona haya, lina matibabu yake. Na ikiwa mawazo yamefika kwenye kutotaka kuishi, usingoje miadi, mwambie mtu mmoja wa nyumbani leo hii, nendeni hospitali pamoja, au piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya, ni bure.